Dawa za Kichina kwenye saratani za tumbo na ini: uliza zimelinganishwa na nini

Mgonjwa wa saratani ya utumbo mpana anayeanzishiwa irinotekani, dawa ya tibakemia, huambiwa mapema kwamba tumbo litamwendesha. Kuna kuhara kunakoanza siku ileile, wakati mwingine dripu ikiwa bado inadondoka, pamoja na jasho, mate mengi na tumbo kunyonga. Huko hutulizwa kwa atropini. Kisha kuna kuhara kwa baadaye, siku kadhaa baada ya dozi, na huko ndiko kunakolaza watu wodini na mara nyingine kuua. Ini huichukua dawa iliyokwisha kufanya kazi, huifunga kwa kuipachika kipande cha jamii ya sukari, kisha huimwaga utumboni pamoja na nyongo. Ingebaki imefungwa ingetoka na choo bila kero. Lakini bakteria wa utumboni wana kimeng'enya cha kukata kile kipande wakakila, na dawa inafunguka upya ikiwa imelalia ukuta wa utumbo. Seli changa zinazoujenga upya ukuta huo kila siku zinakufa, na maji hayana tena pa kufyonzwa.

Tiba ya hospitali ni loperamidi: miligramu 4 choo kinapoanza kulegea tu, kisha miligramu 2 kila baada ya saa 2 mpaka saa 12 zipite bila kuhara. Usiku inaruhusiwa miligramu 4 kila baada ya saa 4 ili mtu alale kidogo. Inasaidia, ila inachofanya ni kupunguza mwendo wa utumbo. Ukuta ulioungua unabaki vilevile.

Hapo ndipo mchemsho wa zamani wa China ulipopata kazi mpya. Huang Qin Tang umeandikwa na tabibu Zhang Zhongjing takriban miaka 1800 iliyopita, kwa ajili ya kuhara kunakoandamana na homa na tumbo kukata. Una vitu vinne: mzizi wa huang qin, mzizi wa shao yao, mzizi wa susu (gan cao) na kunazi za Kichina (da zao). Maabara ya Yung-Chi Cheng katika Chuo Kikuu cha Yale iliutengeneza upya kwa uwiano wa 3:2:2:2, huang qin ikiwa ndiyo yenye fungu kubwa, ikaupa jina PHY906 na kuhakikisha kila toleo la kiwanda linafanana na lililotangulia. Mwaka 2010 walichapisha matokeo ya panya wenye uvimbe wa saratani waliopewa irinotekani. Mchemsho haukuzuia utumbo kujeruhiwa siku za mwanzo. Ulichofanya ni kuharakisha seli mama za utumbo kuotesha ukuta mpya na kupoza uvimbe wa ndani, huku irinotekani ikiendelea kuushughulikia uvimbe wa saratani kama kawaida.

Kuna jambo la pembeni linalostahili kutajwa. Irinotekani yenyewe ni mjukuu wa mti wa China. Imetokana na kamptothesini, kemikali iliyotolewa kwenye mti uitwao xi shu na kuelezwa na Monroe Wall na Mansukh Wani nchini Marekani mwaka 1966. Kwa hiyo kwenye habari hii mmea mmoja wa China unaua saratani na minne mingine inamtunza mgonjwa anayejeruhiwa nao kwa bahati mbaya. Ule unaoua umetenganishwa, umebadilishwa kikemia, umepimwa kwa miligramu kulingana na ukubwa wa mwili wa mgonjwa. Unauzwa kama dawa ya hospitali na hakuna anayeuita tena mitishamba.

Nimeanza na mchemsho huu kwa sababu umepewa kazi moja finyu inayopimika. Swali linaloulizwa kila mahali, kama dawa za Kichina zinatibu saratani, halina jibu kwa vile limeunganisha mambo mengi kwenye neno moja. Saratani ya umio si ya kongosho. Kuzuia saratani isirudi baada ya upasuaji si sawa na kuyeyusha uvimbe uliosambaa, na kutuliza kichefuchefu ni kazi nyingine kabisa. Swali lenye jibu lina sehemu tatu: dawa gani hasa, imepewa kazi gani, na waliopewa hiyo walilinganishwa na waliopewa nini. Sehemu ya tatu ndiyo inayorukwa zaidi, na ndiyo inayoamua.

Tuangalie kwanza tabibu wa Kichina anaandika nini. Mtazamo wake una nguzo mbili: fu zheng, kuimarisha nguvu za mwili, na qu xie, kuufukuza ubaya. Kwa mgonjwa wa tumbo aliyekonda, asiye na hamu ya kula, anayejaa upesi na kupata choo laini, atasema pi imeishiwa nguvu. Pi hutafsiriwa kama bandama, lakini kwenye tiba hiyo ni jina la kazi nzima ya kusaga chakula na kukigeuza kuwa nguvu, kwa hiyo usitafute bandama kwenye picha ya skani. Ataanza na kitu kama Liu Jun Zi Tang: dang shen au ginsengi, bai zhu, fu ling, ban xia, chen pi na susu kidogo, kila kimoja kwa gramu kati ya 3 na 15. Ataongeza huang qi (si ile huang qin ya mwanzo) hadi gramu 30. Kisha, mwishoni mwa orodha, ataweka mimea ya kupigana na uvimbe, hasa bai hua she she cao na ban zhi lian, gramu 15 hadi 30 kila mmoja.

Nusu ya kwanza ya karatasi hiyo ina mantiki inayofuatika hata kwa asiyeamini mambo ya pi. Kule Japani mchemsho uleule, ukiongezewa tangawizi na kunazi, huitwa Rikkunshito. Watafiti wameonyesha kwa panya kwamba flavonoidi za ganda la chungwa lake, yaani chen pi, huzuia vipokezi vya serotonini ambavyo sisplatini, dawa ya tibakemia, huvitumia kuzima homoni ya njaa, ghrelini. Panya wakarudi kula. Nusu ya pili ndiyo inayouzwa kwa sauti kubwa na ndiyo yenye miguu dhaifu. Ushahidi wake mwingi unatoka kwenye visahani vya maabara, ambako dondoo humwagiwa seli za saratani moja kwa moja. Kwenye kisahani hata chumvi na sabuni huua saratani. Kinachonywewa hupita kwenye asidi ya tumbo, bakteria wa utumbo na ini kabla ya kuufikia uvimbe, na kinachofika huwa kiasi kidogo mno cha kile kilichomwagwa kisahanini.

Ndiyo maana majaribio kwa binadamu yana thamani, na ndiyo maana ni lazima kusoma walilinganishwa na nini. Mfano mzuri ni huachansu, dondoo la ngozi ya chura wa China, linalotolewa kwa mshipa na kutumika China kwa saratani za ini na kongosho. Chuo Kikuu cha Fudan cha Shanghai na kituo cha saratani cha MD Anderson cha Houston walifanya jaribio la wagonjwa wa saratani ya kongosho iliyofika mbali: nusu walipata jemsitabini, dawa ya tibakemia, pamoja na huachansu, nusu jemsitabini pamoja na dawa-tupu, yaani ya kuigiza isiyo na kiini cha dawa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2012 kwa wagonjwa 76. Muda wa kati wa kuishi, yaani ule ambao nusu ya wagonjwa waliuvuka, ulikuwa siku 160 kwa waliopata chura na siku 156 kwa waliopata dawa-tupu. Tofauti ya siku nne, ambayo kitakwimu si tofauti.

Weka hilo kichwani ukisoma habari ya ikaritini. Hii ni kemikali inayotokana na yin yang huo, mmea wa jamii ya Epimedium, iliyoidhinishwa China mwaka 2022 kwa saratani ya ini iliyofika mbali. Jaribio lililoipa kibali lilitangaza kwamba wagonjwa waliochaguliwa kwa vipimo fulani vya damu, 71 kwa jumla, waliishi muda wa kati wa miezi 13.54 wakipewa ikaritini, dhidi ya miezi 6.87 kwa kundi la kulinganisha. Ni karibu mara mbili, na kichwa cha habari kinajiandika. Kundi la kulinganisha lilipewa nini? Huachansu. Ni kweli kongosho si ini, na wagonjwa wale walikuwa hawafai kwa dawa za kawaida, kwa hiyo haikuwa rahisi kuwapa kitu kingine. Ila jaribio hilo halikuambii kama ikaritini inaipita au inakaribia sorafenibu, dawa ya hospitali ya saratani hiyo, wala dawa za kuamsha kinga ya mwili zinazotolewa sasa kwa saratani ya ini. Na 71 ni sehemu tu ya wagonjwa 283 walioingia. Kuchagua sehemu kwa vipimo si kosa, mradi ulichagua kabla ya kuona matokeo na jaribio la pili likathibitisha.

Jaribio lililosimama vizuri zaidi upande wa kuzuia saratani isirudi ni la huaier, uyoga unaoota kwenye mti wa huai, uliochapishiwa matokeo mwaka 2018. Hospitali 39 za China, wagonjwa 1044 waliokwisha kukatwa sehemu ya ini yenye saratani, chenga za huaier gramu 20 mara tatu kwa siku kwa wiki 96. Baada ya wiki hizo, asilimia 62.39 ya waliokunywa walikuwa hawajarudiwa na saratani, dhidi ya asilimia 49.05 ya wasiokunywa. Waliokuwa hai walikuwa asilimia 95.19 dhidi ya 91.46. Kwa saratani ambayo hurudi kwa karibu nusu ya waliopasuliwa ndani ya miaka miwili, tofauti ya asilimia 13 si ya kupuuza.

Wasiokunywa huaier hawakupewa kitu chochote, hata dawa-tupu. Mgonjwa alijua yuko kundi gani, na daktari alijua. Anayekunywa gramu 60 za chenga kila siku huwa na sababu ya kurudi kliniki na kujitunza, na daktari anayesoma skani huku akijua huwa na jicho lililoegemea upande. Uzito wa matokeo unapungua, ila haufutiki, kwa sababu saratani kurudi ndani ya ini huonekana kwenye picha na si jambo la kuhisi. Kwa hukumu yangu huaier ndiyo iliyo karibu zaidi na kustahili nafasi, na inayohitaji zaidi kurudiwa dhidi ya dawa-tupu, nje ya mfumo uliozalisha matokeo ya kwanza.

Kwa nini kurudiwa? Oksaliplatini, dawa kuu ya saratani ya utumbo mpana na tumbo, huleta ganzi na kuchomachoma vidoleni kunakoweza kudumu miaka. Japani walikuwa na Goshajinkigan, mchanganyiko wa vitu kumi wenye asili ya China, uliokuwa ukitolewa kwa ganzi za wenye kisukari. Jaribio dogo lilionyesha dalili njema: ganzi ya daraja la 2 (ya wastani) na kuendelea ilikuwa asilimia 39 kwa walioitumia na 51 kwa dawa-tupu. Madaktari wengi wakaanza kuiandika. Likafuata jaribio kubwa, lenye dawa-tupu pia, na katikati ya njia likasimamishwa: asilimia 50.6 ya waliokunywa Goshajinkigan walipata ganzi ya daraja hilo, dhidi ya asilimia 31.2 ya dawa-tupu. Iliyodhaniwa kinga ilikuwa haina faida, na pengine ilikuwa inaongeza madhara. Mitishamba mingi ya saratani imeishia kwenye jaribio dogo la kwanza. Haijawahi kukutana na la pili.

Kuna ushahidi wa namna nyingine unaovutia kuliko unavyostahili: kumbukumbu za bima za maelfu ya wagonjwa, zinazoonyesha waliotumia dawa za Kichina wakiishi muda mrefu zaidi. Mtego umo kwenye jinsi ya kumhesabu mtumiaji. Tuseme mtumiaji ni aliyechukua dawa kwa siku 30 au zaidi. Aliyefariki wiki ya tatu hawezi kuwa mtumiaji hata kama alianza siku ya kwanza. Anaingizwa kwa wasiotumia. Kundi moja limehakikishiwa siku 30 za uhai, jingine limerundikiwa waliokufa mapema. Dawa isiyo na kazi yoyote itaonekana inarefusha maisha. Zipo njia za kihesabu za kurekebisha hilo. Ukisoma utafiti wa aina hii, tafuta sentensi inayoeleza walivyorekebisha, isipokuwepo, acha.

Upande wa kutuliza makali ya tiba ndiko kuna matokeo ninayoyaamini zaidi, na yenyewe ni ya kiasi. Hangeshashinto, jina la Kijapani la Ban Xia Xie Xin Tang, ilijaribiwa kwa vidonda vya mdomoni vya wagonjwa 90 wa saratani ya utumbo mpana na puru walio kwenye tibakemia. Unga wa gramu 2.5 unakorogwa kwenye maji, unasukutua mdomo mara tatu kwa siku, unatema. Idadi ya waliopata vidonda haikupungua kwa kiasi cha kuhesabika, lakini vidonda vilidumu siku 5.5 badala ya 10.5 kwa dawa-tupu. Siku tano za kuweza kumeza chakula ni kitu kikubwa kwa mtu anayekonda. Na kwa kuwa inatemwa, kinachoingia mwilini ni kidogo.

Sindano za Kichina za kuchoma mwilini (akupancha) nazo zina eneo lao. Baada ya upasuaji wa utumbo mpana matumbo husimama, na mgonjwa hukaa kitandani akisubiri hewa ipite. Jaribio la China lililochapishwa mwaka 2023, lenye wagonjwa 248 waliopasuliwa kwa kamera, liliwapa nusu sindano zenye umeme mdogo na nusu sindano za kuigiza. Choo cha kwanza kilikuja kwa muda wa kati wa saa 76.4 dhidi ya saa 90.0. Alama inayotumika sana ni zusanli, upana wa vidole vinne chini ya goti, upana wa kidole kimoja nje ya ukingo wa mbele wa mfupa wa muundi. Kwa kichefuchefu alama ni neiguan, upana wa vidole vitatu juu ya mkunjo wa kifundo cha mkono, kati ya kano mbili zinazojitokeza ukikunja ngumi. Hiyo mtu anaweza kujibonyeza mwenyewe kwa kidole gumba, dakika mbili tatu, bila sindano. Sindano hazifai chembe sahani, zinazogandisha damu, zikiwa zimeshuka sana au chembe nyeupe zikiwa chini, na tibakemia hushusha vyote viwili kati ya siku ya 7 na ya 14. Anayepanga sindano apange na kipimo cha damu cha wiki hiyo mkononi.

Chungu chenyewe kina makosa yake, na mengi ni ya jikoni. Dawa kavu huloweshwa kwenye maji baridi nusu saa, maji yakipita juu yake sentimita 2 au 3. Chungu kiwe cha udongo, kioo au chuma kisichoshika kutu; sufuria ya chuma cha kawaida au alumini huingiliana na tanini, kemikali chungu za mizizi, mchemsho ukawa mweusi na mchungu zaidi bila faida. Moto mkali mpaka ichemke, kisha moto mdogo dakika 20 hadi 30, mizizi ya kuongeza nguvu ikihitaji hadi saa nzima. Inachujwa, inaongezwa maji, inachemshwa mara ya pili. Maji ya mara zote mbili huchanganywa, yakagawanywa mara mbili kwa siku, kama mililita 200 kila mara. Kunywa maji ya kwanza asubuhi na ya pili jioni bila kuyachanganya ndiko kunakofanya dozi ya asubuhi iwe kali na ya jioni maji matupu.

Baadhi ya vitu vina zamu yake. Bo he na sha ren zina mafuta yanayoruka na mvuke, huwekwa dakika tano za mwisho. Da huang ikiwekwa mwishoni huendesha tumbo vikali, ikichemshwa muda mrefu hulegea. Kosa hapo kwa mwenye utumbo ulioshonwa wiki mbili zilizopita si kosa dogo. Fu zi ni sumu ya moyo mpaka ichemshwe peke yake kwanza, nusu saa hadi saa nzima au zaidi kulingana na kiasi, ndipo mengine yafuate. Ikipatikana ganzi ya ulimi na midomo baada ya kunywa, hiyo ni akonitini isiyovunjika, na mtu hupelekwa hospitali bila kusubiri moyo ubadilike mapigo. Chenga za kiwandani zinaondoa usumbufu huu wote zikaleta mmoja mpya: gramu moja ya chenga hubeba nguvu ya gramu kadhaa za dawa kavu. Anayepima chenga kwa kutumia karatasi iliyoandikwa kwa mizizi mikavu amejizidishia dozi bila kujua.

Kwa mgonjwa wa umio kuna moja la ziada. Mchemsho hunywewa moto kwa mazoea, na vinywaji vinavyozidi nyuzi 65 vimewekwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani ya umio. Upoe uwe vuguvugu. Aliyekatwa tumbo lote au sehemu naye asibwie mililita 200 kwa mpigo, hasa mchemsho wenye kunazi au asali. Sukari ikishuka haraka utumboni huvuta maji, na ndani ya nusu saa anatoka jasho, moyo unakwenda mbio na tumbo linaendesha. Mililita 50 kila baada ya muda humtosha, mbali na mlo.

Majina ni hatari nyingine, na imeshaua. Miaka ya mwanzo ya 1990 kliniki moja ya kupunguza unene Ubelgiji iliagiza han fang ji ikaletewa guang fang ji. Majina yanakaribiana, mimea haihusiani. Ya pili ina asidi aristolokia. Zaidi ya watu mia moja waliharibikiwa figo, na baadhi yao baadaye wakapata saratani ya njia ya mkojo. Mwaka 2017 watafiti walipima vinasaba vya saratani za ini 98 kutoka Taiwan na kukuta asilimia 78 zina alama ya mabadiliko inayoachwa na asidi hiyo, ingawa mimea yenye nayo ilipigwa marufuku huko tangu 2003. Fikiria maana yake kwa mada hii: dawa za mitishamba zilizonywewa kwa maradhi mengine zimeacha nyayo ndani ya saratani yenyewe ya ini.

Mchanganyo wa pili wa majina unamgusa mgonjwa wa ini moja kwa moja. San qi ni jamii ya ginsengi, hutumika kwa maumivu na kuvuja damu. Tu san qi ni mmea wa jamii nyingine, Gynura, wenye sumu inayoziba mishipa midogo ndani ya ini. Anayeitumia hujaa maji tumboni na ini linavimba. Kwa mtu ambaye tayari ana saratani ya ini, dalili hizo husomwa kama ugonjwa kusonga mbele, na hakuna anayeuliza kilicho kwenye chupa. He shou wu nayo, inayouzwa kwa nywele na nguvu, inajulikana kuumiza ini la baadhi ya watu, hasa wenye kinasaba HLA-B*35:01.

Susu, ambayo imo karibu kila mchemsho, hukaa kimya mpaka kuhara kuanze. Ina glisirizini inayolazimisha figo kumwaga potasiamu na kushikilia chumvi. Lebo za dawa za aina hii Japani huwazuia wenye potasiamu ndogo kutumia michanganyiko yenye gramu 2.5 za susu au zaidi kwa siku. Mgonjwa wa irinotekani au mwenye kutapika tayari anapoteza potasiamu kupitia choo na matapishi. Ukimwongezea susu, misuli inalegea, shinikizo la damu linapanda, na mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika, hasa akiwa anapewa pia dawa ya kuzuia kutapika inayorefusha mpigo wa umeme wa moyo. Kipimo cha potasiamu ni cha bei ndogo kuliko karibu kila kitu kingine kwenye matibabu haya.

Dawa kugongana kunazungumzwa sana kwa jumla, kwa hiyo nitaje mawili tu. Dan shen na dang gui huongeza nguvu ya warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, na kapesitabini, dawa ya tibakemia, peke yake huongeza vilevile. Aliye na zote hutokwa damu. Wu wei zi hupandisha kiwango cha takrolimasi, dawa ya kuzuia mwili kukataa kiungo kipya, kwa aliyepandikizwa ini. China wapo madaktari wanaoitumia makusudi ili kupunguza dozi ya takrolimasi, lakini wanapima damu. Anayeinywa kimya kimya huishia na mikono inayotetemeka na figo zilizochoka, na dozi inarekebishwa kwa kubahatisha.

Hatari kubwa kuliko zote hizi haitoki kwenye mmea wowote. Uchunguzi wa kumbukumbu za saratani za Marekani uliochapishwa mwaka 2018 uliwalinganisha waliochagua tiba mbadala pekee na waliopata tiba ya hospitali, wakiwa na saratani isiyosambaa. Kwa saratani ya utumbo mpana na puru, hatari ya kufa ya kundi la kwanza ilikuwa mara 4.57. Uchunguzi wa pili wa mwaka huohuo uliwaangalia waliochanganya tiba zote mbili. Hatari ilikuwa mara 2.08, na ilielezwa na jambo moja: waliochanganya walikataa sehemu ya tiba ya hospitali. Asilimia 34.1 walikataa tibakemia, dhidi ya asilimia 3.2 ya wengine. Mimea haikuwaua. Kilichowaua ni muda ambao uvimbe uliachwa ukue.

Anayeamua kutumia, basi, kuna mpangilio unaofanya makosa yaonekane mapema. Karatasi yenye majina ya kisayansi ya kila kiungo na gramu zake inakwenda kwa daktari wa saratani kabla ya chungu kuwashwa; jina la pinyin pekee, yaani la Kichina kwa herufi za Kilatini, halitoshi, kwa sababu ya tuliyoyaona ya fang ji na san qi. Vipimo vya ini, figo na potasiamu vinafanywa kabla, baada ya wiki mbili, kisha kila mwezi. Wiki mbili kabla ya upasuaji kila kitu kinasimama. Na mchemsho mpya hauanzi wiki ileile na dawa mpya ya hospitali. Vimeng'enya vya ini vikipanda wakati vyote viwili vimeanza pamoja, daktari asiyejua habari za chungu atalaumu tibakemia, atapunguza dozi au atairuka mzunguko mmoja. Wiki tatu baadaye vimeng'enya bado viko juu, uvimbe umepata nafasi ya kupumua, na mchemsho unaendelea kunywewa asubuhi na jioni.